Vihatarishi vya maabara ya tiba: namna ya kuvisimamia hadi vifike mezani kwa uongozi

Usiku mmoja maabara niliyokuwa nikifanya kazi ilitoa potasiamu ya juu mno, ya kiwango ambacho mgonjwa hawezi kuwa ameketi kitandani anazungumza. Kalsiamu nayo ilikuwa chini kupita kiasi. Mtaalamu wa zamu alikuwa mzoefu. Alipoziona namba hizo mbili pamoja alijua kwamba damu iliyoingia kwenye mashine ilikuwa na EDTA, kemikali ya kuzuia damu isigande iliyomo kwenye tyubu za zambarau. Chumvi yake ina potasiamu, na yenyewe hukamata kalsiamu. Akapiga simu wodini. Muuguzi akamweleza ukweli: tyubu za kemia zilizobaki zilikuwa zimepitwa na muda na hazivuti damu tena, kwa hiyo alichukua damu kwa tyubu ya zambarau kisha akaimimina kwenye tyubu ya kemia.

Fomu ya tukio ilijazwa: "Muuguzi amekosea, ameelekezwa upya." Ikafungwa. Wiki chache baadaye jambo lilelile likatokea wodi nyingine, kwa muuguzi mwingine. Safari hii tulifuata chanzo hadi stoo, na kutoka stoo hadi ofisini. Ombi la kununua tyubu lilikuwa limelala mezani likisubiri saini. Mwenye mamlaka ya kusaini alikuwa likizo, na hakuna aliyekaimishwa.

Kihatarishi cha taasisi kiko hivyo. Kinaonekana kwenye kipimo, lakini kimezaliwa kwenye uamuzi, au kwenye uamuzi ambao haukufanywa. Mashine za siku hizi zimepunguza sana makosa ya kupima kwenyewe. Paolo Carraro na Mario Plebani walichapisha mwaka 1997 utafiti wa makosa katika maabara moja ya hospitali, wakaurudia na kuuchapisha tena mwaka 2007. Mara ya pili walikuta karibu asilimia 62 ya makosa yalitokea kabla sampuli haijapimwa, asilimia 15 wakati wa kupima, na asilimia 23 baada ya kupima. Sehemu kubwa ya hatari iko kwenye makabidhiano: wodi na maabara, maabara na stoo, maabara na mfumo wa kompyuta, zamu na zamu. Makabidhiano hayo yote yanapangwa na uongozi.

Viwango vya kimataifa vipo. ISO 15189 ya maabara za tiba, katika toleo la 4 lililotoka Desemba 2022, imeisambaza hoja ya vihatarishi karibu kila sehemu, na maabara zenye ithibati zilipewa miaka 3 kuhamia toleo hilo. ISO 22367 ya mwaka 2020 inaeleza mchakato wenyewe. Visome. Ila viwango vinakuambia kinachotakiwa kuwepo tu. Hatua zinazofuata ni za kukivusha kitu hicho kutoka kwenye karatasi.

Hatua ya 1: Jua nani atakibeba

Maabara nyingi huanza kwa kuandika orodha ya vihatarishi. Mimi ningeanza na watu. Katika maabara nyingi kazi yote ya vihatarishi imetupiwa ofisa ubora. Anaandaa rejesta peke yake, anaijaza peke yake, na mkaguzi akija anaieleza peke yake. Lakini hana bajeti, hapangi zamu, hasaini manunuzi. Unamkabidhi mtu moto bila maji.

Kanuni ni fupi: mmiliki wa kihatarishi ni yule mwenye uwezo wa kukibadilisha. Kihatarishi cha uhaba wa watumishi usiku ni cha anayepanga zamu na anayeidhinisha ajira. Cha tyubu kuisha ni cha mkuu wa manunuzi. Ofisa ubora anaratibu, anakumbusha, anafuatilia. Jina la mmiliki liandikwe pamoja na jina la kaimu wake, maana kisa cha juu kilitokea kwa sababu ya kukosekana kaimu tu.

Hapa ndipo utakutana na ugumu wa kwanza. Mkuu wa manunuzi atakwambia hayo ni mambo ya maabara. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwake yeye tyubu ni bidhaa kama karatasi za ofisi. Usibishane naye kwa vifungu vya viwango. Mchukue akakae na wapokeaji wa sampuli kwa saa 2 asubuhi, wakati foleni imefura. Nimeona hilo likifanya kazi kuliko barua 10.

Hatua ya 2: Tembea na sampuli

Mwaka 1981 George Lundberg aliielezea kazi ya maabara kama mzunguko unaoanzia kwenye ubongo wa daktari anayeagiza kipimo na kurudi kwenye ubongo huohuo pale anapofanya uamuzi. Shika mzunguko huo kama ramani. Chukua daftari, ifuate sampuli moja tangu ombi linapoandikwa hadi daktari anapotenda jambo kutokana na majibu. Ifuate nyingine usiku wa manane, na nyingine siku ya mapumziko, kwa sababu maabara ya saa 4 asubuhi na ile ya saa 9 usiku ni maabara mbili tofauti hata kama bango la mlangoni ni moja.

Usitembee na taratibu sanifu mkononi. Ziache ofisini, urudi kuzilinganisha baadaye. Ukizishika, watu watakuonyesha kilichoandikwa. Uliza swali moja tu: "Ukibanwa, unafanyaje?" Majibu ya swali hilo yana thamani kubwa kuliko ukaguzi wa siku 3.

Angalia lebo inabandikwa lini: mbele ya mgonjwa baada ya kuchukua damu, au tyubu 12 zimebandikwa mapema na kupangwa kwenye trei? Tyubu za trei ndizo zinazobadilishana wagonjwa. Angalia muda kati ya kuchukua damu na kuitenganisha kwenye sentrifuji, mashine inayoizungusha damu kwa kasi. Damu ikikaa bila kutenganishwa kwenye joto la chumba, glukosi hushuka kwa takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa, na mgonjwa wa kisukari anaweza kuonekana nafuu kuliko alivyo. Angalia tyubu ya kupimia kuganda kwa damu, yenye sitreti ya kuzuia damu isigande mapema: inahitaji sehemu 9 za damu kwa sehemu 1 ya sitreti, kwa hiyo isiyojaa hurefusha muda wa kuganda, na dozi ya dawa ya mgonjwa ya kuzuia damu kuganda inaweza kupunguzwa bila sababu. Angalia damu inavyosafiri, kwa sababu chembe nyekundu zikipasuka njiani potasiamu hupanda.

Kisha nenda upande wa pili wa mashine. Majibu ya hatari yanapotoka, nani anapiga simu, kwa nani, na namba iliyobandikwa ukutani bado ni ya mtu aliyepo? Siku moja nilipiga namba zote za orodha ya namna hiyo. Namba kadhaa zilikuwa za watu waliokwisha kuhama. Kwa miezi kadhaa maabara ilikuwa inaamini ina njia ya kutoa taarifa ya dharura, kumbe ina karatasi ukutani.

Hatua ya 3: Andika kihatarishi kama sentensi kamili

"Uhaba wa vitendanishi." "Mashine kuharibika." "Makosa ya kibinadamu." Rejesta zimejaa maneno ya namna hii, na hayasaidii chochote kwa sababu hayamwambii mtu aanzie wapi. Sentensi inayofaa ina chanzo, tukio na mtu atakayeumia:

Kwa kuwa ombi la ununuzi hupita kwa ofisa mmoja asiye na kaimu, vitendanishi vya troponini (kemikali za kipimo cha kuumia kwa misuli ya moyo) vinaweza kuisha kwa siku kadhaa, na mgonjwa mwenye maumivu ya kifua akakosa kipimo kwa wakati.

Sentensi hiyo tayari ina dawa ndani yake. Usikubali "makosa ya kibinadamu" kama chanzo. Kila mara yakiandikwa, uliza mara nyingine kwa nini. Mtaalamu alisoma namba vibaya, kwa nini? Alikuwa anainakili kwa mkono kutoka kwenye mashine. Kwa nini? Mashine haijaunganishwa na mfumo wa taarifa za maabara. Kwa nini? Gharama ya kuiunganisha iliondolewa kwenye mkataba ili bei ionekane nafuu. Hapo umefika kwenye taasisi.

Vihatarishi 20 vilivyoandikwa hivi ni bora kuliko 150 vya maneno mawili mawili.

Hatua ya 4: Pima uzito, lakini usizitumikie namba

Njia inayotumika sana ni kuchambua namna mambo yanavyoweza kuharibika na athari zake. Ilianzia kwenye jeshi la Marekani mwishoni mwa miaka ya 1940, na leo iko kila mahali. Unatoa alama 1 hadi 10 kwa ukubwa wa madhara, 1 hadi 10 kwa uwezekano wa kutokea, na 1 hadi 10 kwa ugumu wa kulikamata kosa kabla halijamfikia mgonjwa. Unazidisha. Namba kubwa inashughulikiwa kwanza.

Mtego uko kwenye kuzidisha. Tuchukue kosa la kundi la damu kwenye maandalizi ya kuongezewa damu: madhara 10, uwezekano 2, ugumu wa kulikamata 3. Jumla ya kuzidisha ni 60. Chukua sasa majibu ya kawaida kuchelewa kwa saa 1: madhara 3, uwezekano 5, ugumu wa kulikamata 5. Unapata 75. Hesabu inakwambia ushughulikie ucheleweshaji kabla ya kosa linaloweza kuua. Nimekaa kwenye vikao ambavyo watu wazima wenye akili waliikubali hesabu hiyo kwa sababu iko kwenye jedwali lenye rangi.

Kwa hiyo weka sheria moja kabla ya kuanza: chochote chenye madhara ya 9 au 10 kinajadiliwa chenyewe, hata kama jumla yake ni ndogo. Na kadirieni pamoja, mchukua damu, mtaalamu wa maabara, muuguzi na daktari wakiwa mezani. Maabara huwa inakadiria madhara kwa wepesi kwa kuwa haimwoni mgonjwa. Daktari naye anaweza kudhani kwamba maabara itakamata kila kitu. Tofauti ya alama zao ndiyo habari yenyewe, msiikimbilie wastani. Mmoja akisema 3 na mwingine 9, simamisheni kazi mzungumze.

Uwezekano, kadiri inavyowezekana, utoke kwenye kumbukumbu: sampuli ngapi zilikataliwa mwezi uliopita, majibu mangapi yalirekebishwa baada ya kutolewa, siku ngapi kipimo kilisimama. Kama hamna kumbukumbu hizo, andikeni hilo kuwa kihatarishi namba 1.

Hatua ya 5: Chagua vidhibiti vinavyofanya kazi mtu akiwa amechoka

Soma safu ya "hatua zilizochukuliwa" kwenye rejesta yoyote. Utakuta "mafunzo yametolewa", "watumishi wamekumbushwa", "tangazo limebandikwa". Mafunzo ni ya lazima, lakini kama kidhibiti ndiyo dhaifu kuliko vyote, kwa sababu yanategemea kumbukumbu ya mtu saa 10 alfajiri akiwa na sampuli 80 mbele yake.

Anza juu ukishuka. Je, hatari inaweza kuondolewa kabisa? Ukiiunganisha mashine na mfumo, kunakili kwa mkono kumekwisha, na makosa yake yamekwenda nayo. Haiwezekani? Basi weka kizuizi kinachojiendesha: msimbopau unaosomwa kwenye kitambaa cha mkononi cha mgonjwa, mfumo unaozuia majibu ya potasiamu yasitoke kama sampuli ina damu iliyopasuka, kengele ya jokofu inayopiga simu ya mtu badala ya kulia kwenye chumba kitupu. Haiwezekani pia? Ndipo uweke hatua ya uhakiki ya mtu wa pili, tena kwa mambo machache mazito tu, maana ukiweka saini mbili kila mahali zote mbili hugeuka mapambo.

Nitakaa kidogo kwenye udhibiti wa ubora wa ndani, yaani kupima sampuli maalumu yenye jibu linalojulikana, nayo pia huitwa kidhibiti, ili kuona kama mashine iko sawa, kwa sababu hapa maabara zenye nia njema hujiharibia zenyewe. Levey na Jennings walileta chati za udhibiti maabara mwaka 1950, na kanuni za Westgard, za kuamua lini kidhibiti kikataliwe, zikachapishwa mwaka 1981. Hata hivyo maabara nyingi bado zinakataa kila kidhibiti kinachotoka nje ya mikengeuko sanifu 2, yaani mbali na wastani kupita mtawanyiko wake wa kawaida. Fanya hesabu. Kidhibiti kizuri kabisa hutoka nje ya mpaka huo kwa bahati tu karibu mara 1 kati ya 20. Ukiwa na vipimo 20, kila kimoja kikiwa na viwango 2 vya kidhibiti, una nukta 40 kila asubuhi, na karibu 2 kati yake zitatoka nje bila kosa lolote. Watumishi wanajifunza nini? Wanajifunza kurudia kidhibiti hadi kikubali. Siku mashine inapoharibika kweli, mkono umekwisha kuzoea kurudia. Kengele inayolia kila siku bila moto huwafundisha watu kutokimbia.

Dawa yake ni ya kiuongozi kuliko ya kiufundi. Chagueni kanuni kwa kila kipimo kulingana na usahihi wake na madhara ya kukosea. Andikeni bayana nani ana mamlaka ya kusimamisha kutoa majibu. Kisha mlindeni mtu huyo anapoyatumia. Mtaalamu wa zamu anayesimamisha kipimo na kesho yake akaulizwa kwa hasira kwa nini wagonjwa walisubiri hatasimamisha tena.

Hatua ya 6: Hesabu mikono iliyo nje ya ukuta wako

Maabara haimiliki vitu vingi inavyovitegemea. Umeme, maji, intaneti, mzabuni wa vitendanishi, fundi wa mashine, msafirishaji wa sampuli, maabara ya rufaa, kampuni ya programu. Orodhesha kila mmoja na uandike swali moja pembeni: akikosekana kwa saa 1, kwa siku 1, kwa wiki 1, tunafanyaje?

Usilichukulie swali hilo kuwa la nadharia. Tarehe 3 Juni 2024 wahalifu wa mtandaoni walizifunga kompyuta za Synnovis, kampuni inayoendesha huduma za maabara kwa hospitali kubwa za kusini-mashariki mwa London, wakidai kulipwa. Mashine za kupimia hazikuwa zimeharibika. Kilichokatika ni njia ya taarifa kati ya maabara na hospitali. Kulinganisha damu ya mgonjwa na ya mchangiaji kukawa kugumu kiasi kwamba wachangiaji wa kundi O waliombwa wajitokeze kwa haraka, kwa kuwa ndiyo damu inayoweza kutumika kwa usalama zaidi pale kundi la mgonjwa halijathibitishwa. Zaidi ya miadi 10,000 ya wagonjwa wa nje iliahirishwa.

Mpango wa dharura usiojaribiwa msiuhesabu kama mpango. Chagueni saa tulivu, zimeni mfumo wa taarifa kwa makusudi kwa saa 2, mkifahamisha wodi mapema, muone kama fomu za karatasi zipo, kama kuna anayejua kuzijaza, kama majibu yanafika. Jaribio la kwanza huwa la aibu. Ndiyo maana lifanyike siku mliyoichagua wenyewe.

Kwenye mikataba kuna mtego mwingine. Mashine ikitolewa na mzabuni kwa masharti ya kununua vitendanishi vyake tu, maabara imejifunga kwa mlango mmoja. Huenda bado ni uamuzi sahihi, lakini uingie kwenye rejesta ukiwa na jina la aliyeukubali. Mkataba useme fundi atafika ndani ya muda gani, vitendanishi vitakuwa na muda gani wa kutumika vinapowasili, na nini kitatokea mzabuni akishindwa.

Usisahau pia vipimo vya kando ya kitanda. Glukomita za wodini, vifaa vidogo vya kupimia sukari ya damu, hutumiwa na watu wasio wa maabara, lakini majibu yake yanamgusa mgonjwa yuleyule. Toleo la sasa la ISO 15189 limeviingiza ndani yake, kwa hiyo maabara haiwezi tena kusema haviihusu.

Hatua ya 7: Waondolee watu hofu ya kuripoti

Maabara iliyopitisha mwezi mzima bila fomu hata moja ya tukio inanitia wasiwasi kuliko yenye fomu 40. Makosa yapo kote. Tofauti ni kwamba kwenye ile ya kwanza yamejificha.

Watu hunyamaza kwa sababu tatu nilizozisikia mara nyingi: wanaogopa barua ya onyo, fomu ni ndefu, na fomu zilizopita hazikubadilisha kitu. Ya pili inatibika kwa asubuhi moja: fomu iwe na mistari 5, ikubali kuandikwa bila jina. Ya tatu inatibika kwa kurudisha majibu. Kila wiki, kabla ya kazi kuanza, msimamizi asimame dakika 5 aseme: wiki iliyopita mliripoti hivi, tumefanya hivi, hili bado linasubiri hivi. Bila mrejesho huo kisima kitakauka.

Ya kwanza ndiyo ngumu. Ondoeni mkanganyiko kwa kutenganisha mambo matatu. Kuna aliyeteleza, mathalani kachukua tyubu ya jirani; huyo afarijiwe na mazingira yarekebishwe. Kuna aliyekata njia kwa sababu njia rasmi haipitiki, kama muuguzi wetu wa tyubu. Huyo asikilizwe, maana amekuonyesha palipovunjika. Na kuna aliyepuuza hatari anayoijua bila sababu, mathalani kaandika matokeo ya kidhibiti ambacho hakukipima. Huyo ndiye wa nidhamu. Ukiwachanganya wote watatu kwenye kapu moja la onyo, wawili wa kwanza watakoma kukwambia ukweli na wa tatu ataendelea.

Angalia pia maarifa yaliyokaa kwenye kichwa kimoja. Kila maabara ina mtu ambaye mashine fulani ikigoma huitwa yeye tu. Anasifiwa, na anastahili. Lakini akiugua, maabara nayo inaugua. Mpe mwanafunzi wa kudumu na muda wa kumfundisha ndani ya ratiba ya kazi.

Hatua ya 8: Weka ishara zitakazokuamsha

Mwaka 2021, kati ya mwanzo wa Septemba na katikati ya Oktoba, maabara moja binafsi ya Wolverhampton, Uingereza, ilitoa majibu hasi ya UVIKO-19 kwa watu wengi waliokuwa na maambukizi. Uchunguzi wa serikali ulikadiria majibu ya namna hiyo kuwa takriban 39,000. Chanzo kilikuwa mpaka uliowekwa vibaya wa kutenganisha chanya na hasi. Kilichonigusa zaidi ni namna kosa lilivyobainika: watu walikuwa wakipata chanya kwa kipimo cha haraka nyumbani na hasi kutoka maabara, na wahudumu wa afya wa maeneo yao wakaanza kuuliza. Tatizo lilikuwa ndani ya maabara, ishara ikatoka nje.

Fikiria ishara ipi ingekuamsha wewe. Kwa kosa la namna hii ni rahisi: asilimia ya majibu chanya kwa siku, ikilinganishwa na wiki zilizotangulia na maabara nyingine. Kwa kemia ni wastani wa majibu ya wagonjwa wa kila siku. Sodiamu ya wagonjwa wote ikisogea taratibu upande mmoja, mashine ndiyo inayosogea. Kwa stoo ni siku zilizobaki za kila kitendanishi. Kwa watumishi ni saa za ziada na idadi ya zamu zilizoendeshwa chini ya idadi iliyopangwa.

Ishara 6 au 7 zinatosha. Kila moja iwe na kiwango cha kuchukua hatua kilichokubaliwa mapema, na jina la mtu atakayechukua hatua hiyo. Lalamiko la daktari liingie humu pia. Daktari akisema majibu hayaendani na mgonjwa, anayelipokea asianze kuitetea mashine. Aanze kuitafuta sampuli.

Hatua ya 9: Lipeleke jambo kwa uongozi kwa lugha inayoweza kujibiwa

Wakuu wa maabara wengi hulalamika kwamba uongozi hauwasikilizi. Mara nyingi ni kweli. Mara nyingine uongozi umeletewa jedwali la kurasa 14 bila ombi hata moja. Peleka ukurasa 1. Vihatarishi 5 vya juu, kila kimoja kikiwa na sentensi yake ya hatua ya 3, kinachohitajika, gharama yake, na gharama ya kutofanya. Kisha uliza swali linalotaka jibu la maandishi: tunakirekebisha, tunakipunguza, tunasitisha kipimo, au tunakubali kukibeba? Uongozi una haki ya kukubali kubeba kihatarishi, kwani hakuna maabara isiyo nacho. Ila kukubali kuwe na jina, tarehe, na siku ya kukitazama tena. Nimeona fedha zikipatikana ndani ya wiki moja baada ya mtu kutakiwa kuandika jina lake chini ya neno "nimekubali".

Kuna hali nzito zaidi, pale shinikizo lenyewe linapotoka juu: toa majibu, kidhibiti tutakiangalia baadaye. Theranos, kampuni ya vipimo vya damu ya Marekani, ilijengwa juu ya ahadi ambazo mashine zake hazikuweza kuzitimiza. Mwaka 2016 wakaguzi wa serikali walikuta kwenye maabara yake kasoro zinazohatarisha wagonjwa moja kwa moja, na mwaka huohuo kampuni ikafuta majibu ya miaka 2 ya mashine zake yenyewe. Kinga ya maabara dhidi ya hali hiyo iandikwe mapema, kabla ya mgogoro: mkuu wa maabara ana mamlaka ya kuzuia majibu, na mtu wa fedha au wa masoko hawezi kuyatengua.

Hatua ya 10: Rudi uangalie kama imefanya kazi

Kihatarishi kisifungwe siku hatua ilipochukuliwa. Kifungwe baada ya miezi 3 au zaidi, pale takwimu zinapoonyesha kimepungua. Kidhibiti kipya chenyewe huleta hatari mpya; msimbopau ukianza kutumika, muulize kila mtu anafanyaje kisomaji kikizimika. Rejesta ipitiwe kila robo mwaka, na pia kila yanapotokea mabadiliko: mashine mpya, jengo jipya, mkataba mpya, mkuu mpya.

Kuhusu tyubu zetu: mafunzo ya wauguzi yalirudiwa, lakini kilicholimaliza tatizo ni mambo mawili ya ofisini. Stoo iliwekewa kiwango cha chini ambacho kikifikiwa ombi linatoka bila kusubiri mtu kuliandika, na kila mwenye saini akawa na kaimu aliyetajwa kwa jina. Tuliifungua upya ile fomu ya kwanza, tukakata mstari mmoja juu ya maneno "muuguzi amekosea" ili yaendelee kusomeka, tukaandika chanzo halisi chini yake, na mkuu wa manunuzi akatia saini pembeni.